Mizani ya Bia Nyeusi: Tafakuri kuhusu Kuonja na Kuhukumu

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu asilewe sifa. Hata hivyo, ikitazamwa kwa makini itaonekana kwamba inahusu watu wawili: mgema anayekitayarisha kinywaji, na mnywaji anayekionja kisha akatoa hukumu. Lawama zote zimemwangukia mgema. Methali haiulizi iwapo mnywaji alikijua alichokuwa akikisifu, wala iwapo mizani aliyoitumia ilikuwa ya haki. Maswali hayo mawili ndiyo kiini cha makala haya. Mfano uliochaguliwa unatoka mbali sana na minazi ya pwani: ni bia nyeusi ya jadi ya Wales, hususan ile ambayo jina lake la Kiingereza, mild, huashiria upole.

Si azma ya makala haya kumshawishi asiyetumia kileo akitumie. Asiyeonja kabisa anaweza kuifuata hoja hii hadi mwisho bila ya kupoteza kitu, kwa kuwa jambo linalojadiliwa ni hukumu, na kila mtu ni hakimu wa kitu fulani: wa chakula, wa wimbo, wa shairi, au wa mwanadamu mwenzake.

Kinywaji na watu wake

Wales ni nchi ndogo yenye milima mingi iliyoko magharibi mwa kisiwa cha Britania, nayo ni mojawapo ya nchi nne zinazounda Ufalme wa Muungano. Wenyeji wake wana lugha yao, Kiwelisi, ambamo bia huitwa cwrw, neno linalotamkwa takriban "kuru". Neno lenyewe ni la kale. Wanaisimu hulihusisha na cervisia, neno ambalo Warumi walilipata kwa Wagauli, na ambalo ndilo lililozaa cerveza ya Kihispania. Kwa hivyo, anayeagiza bia kwa Kiwelisi mjini Cardiff na anayeiagiza kwa Kihispania mjini Madrid wanatumia maneno yenye nasaba moja, ingawa pengine hawajui.

Kusini mwa Wales ndiko bia nyeusi ilikopata watu wake. Mwaka 1913 migodi ya eneo hilo ilitoa takriban tani milioni 57 za makaa ya mawe, na meli zilizojaa makaa hayo zilitia nanga katika bandari nyingi za dunia. Kando ya migodi palikuwa na viwanda vya chuma na vya bati. Mchimbaji aliyetoka chini ya ardhi huku koo limejaa vumbi, au mfua chuma aliyeshinda mbele ya tanuri, hakuhitaji kileo kikali. Alihitaji kinywaji cha kumrejeshea maji aliyoyatoa kwa jasho, chenye utamu kidogo wa kimea wa kumtia nguvu, na chenye kileo kichache kiasi kwamba angeweza kuketi na wenzake, akanywa bilauri mbili tatu, kisha akarejea nyumbani na akili zake timamu.

Miongoni mwa waliomtengenezea kinywaji hicho ni kampuni ya Brains ya Cardiff, iliyoanzishwa mwaka 1882 na Samuel Arthur Brain pamoja na ami yake, Joseph Benjamin Brain. Kiwanda chao kilikuwa katika mtaa wa St Mary, katikati ya mji, hadi utengenezaji ulipohamishiwa kwingine mwaka 1999. Bia yao nyeusi iliwahi kuitwa Red Dragon, yaani joka jekundu, kwa heshima ya joka lililoko katika bendera ya Wales. Baadaye ikafupishwa jina na kuitwa Dark tu. Neno hilo moja, lenye maana ya weusi au giza, lilitosha. Mnywaji wa Cardiff hakuhitaji maelezo zaidi.

Weusi huo ndio unaomhadaa mgeni. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea kuona stauti kali katika chupa nyeusi huchukulia kwamba kila bia nyeusi ni nzito na yenye kulevya upesi. Kweli, usilolijua ni usiku wa giza. Rangi ya bia haitokani na kileo bali hutokana na kimea. Shayiri huloweshwa maji ikachipua, kisha hukaushwa kwa moto. Ikikaushwa kwa moto wa wastani hutoa bia ya rangi ya dhahabu. Ikikaangwa hadi ikakaribia kuungua, kama buni inavyokaangwa kabla ya kutwangwa, kiasi chake kidogo tu huitia bia nzima weusi. Bia nyeusi ya aina hii huwa na kileo cha asilimia 3 hadi 3.8 hivi, ilhali bia nyingi za rangi ya dhahabu zinazonywewa baridi huwa na asilimia 4 hadi 5. Cheusi hapa ndicho kipole, na cheupe ndicho kikali.

Hukumu za wafalme na za wabunge

Bia ya Wales haikuanza kupimwa jana. Mwishoni mwa karne ya 7, mfalme Ine wa Wessex, jirani wa Wales upande wa mashariki, alitunga sheria zilizotaja kodi ya vyakula iliyopaswa kutolewa na shamba la ukubwa maalumu. Katika orodha hiyo, pamoja na asali na mikate, mna vipimo 12 vya bia ya Kiwelisi na vipimo 30 vya bia angavu. Kwamba mfalme wa taifa jingine aliitaja kwa jina ni ushahidi kuwa ilihesabiwa kama aina ya peke yake, isiyoweza kuchanganywa na nyingine.

Wawelisi wenyewe walikuwa na mizani yao. Katika sheria zinazonasibishwa na mfalme Hywel Dda, aliyetawala katika karne ya 10, vinywaji vilipangwa kwa daraja. Aliyepaswa kumlipa mfalme pipa moja la kileo cha asali naye hakuwa nalo, alilipa mapipa mawili ya bragawd, yaani bia iliyotiwa asali na viungo. Akikosa hiyo nayo, alilipa mapipa manne ya cwrw. Kwa maneno mengine, bia ilithaminiwa kwa robo ya kileo cha asali. Hii ni hukumu kwa tarakimu, iliyotolewa karne nyingi kabla ya mwonjaji wa leo kushika kalamu na karatasi yake ya alama. Lakini ifahamike kwamba kilichopimwa hapo hakikuwa ladha peke yake. Asali ilikuwa adimu, na shayiri ilikuwa tele. Mfalme alipima uadimu, na mizani yake ikaupa uadimu jina la ubora.

Karne ya 19 ilileta mahakimu wengine. Makanisa ya Wales yaliyojitenga na Kanisa la Uingereza yalikuwa na nguvu kubwa, na viongozi wake waliiona pombe kuwa adui wa familia maskini. Mwaka 1881 Bunge lilipitisha sheria ya kufunga vilabu vya pombe siku ya Jumapili nchini Wales. Baada ya karne kadhaa za kutawaliwa kwa sheria zilezile za England, Wales ikapata sheria yake yenyewe, na sheria hiyo ilihusu kutokunywa. Si haki kuwakejeli waliopigania jambo hilo. Mishahara iliyoishia kilabuni ilikuwa jambo la kweli, na njaa ya watoto ilikuwa ya kweli vilevile.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. David Lloyd George, mwanasiasa aliyelelewa katika kijiji cha Llanystumdwy kaskazini mwa Wales, alitangaza mwaka 1915 kwamba Uingereza ilikuwa ikipigana na Ujerumani, Austria na pombe, na kwamba adui mkubwa kuliko wote alikuwa pombe. Saa za kuuza zikapunguzwa, ushuru ukapandishwa, na nafaka ikahifadhiwa kwa ajili ya mkate. Bia za Uingereza zikapungua nguvu sana. Bia ya upole, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa na kileo kingi kuliko cha leo, ikatoka vitani ikiwa nyepesi, na haikurudi ilikokuwa. Hapa methali ya mgema inageuka. Tembo lilitiwa maji, naam, lakini si kwa sababu mgema alisifiwa. Lilitiwa maji kwa amri ya dola.

Marufuku ya Jumapili yalidumu zaidi ya vita. Kuanzia mwaka 1961 wenyeji wa kila eneo waliruhusiwa kupiga kura kila baada ya miaka saba ili kuamua iwapo vilabu vyao vifunguliwe siku hiyo. Eneo la mwisho kukubali lilikuwa Dwyfor, mwaka 1996. Dwyfor ndiko kiliko kijiji cha Llanystumdwy.

Alama hamsini

Mahakimu wa zama hizi si wafalme wala wabunge. Ni waonjaji. Mwaka 1977 mwandishi Mwingereza Michael Jackson (asichanganywe na mwanamuziki wa Marekani) alichapisha kitabu kilichozipanga bia za dunia kwa mitindo na kwa nchi, na watu wengi wakajifunza kwake kwamba bia inaweza kusomwa kama matini. Mwaka 1985 ulianza huko Marekani mpango wa kuwafunza na kuwatahini mahakimu wa bia, ujulikanao kwa ufupi kama BJCP. Karatasi yao ya hukumu ina alama 50: harufu hupewa 12, sura 3, ladha 20, namna kinywaji kinavyohisika kinywani 5, na tathmini ya jumla 10.

Mchukulie mgeni aliyezoea bia baridi ya rangi ya dhahabu, akaingia katika kilabu cha Cardiff na kuwekewa bilauri ya bia nyeusi iliyotolewa katika pipa. Anaitazama kwanza. Inaonekana nyeusi kama kahawa, lakini akiinua bilauri kuelekea kwenye mwanga, ukingo wake unageuka kuwa mwekundu kama johari ya yakuti. Povu lake ni la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Kwa sura anaipa alama zote 3. Anainusa: harufu ni hafifu, ya ukoko wa mkate na sukari iliyoungua kidogo. Anaipa 6 kati ya 12. Anapiga funda la kwanza. Si baridi vya kutosha, kwani huhifadhiwa katika nyuzi 11 hadi 13 hivi za sentigredi. Gesi yake ni kidogo. Mwili wake ni mwepesi, karibu na maji. Ladha anaipa 12, hisia kinywani 2, na tathmini ya jumla 6. Jumla yake ni 29 kwa 50. Kwa daraja za karatasi hiyo, bia imeitwa "nzuri", na mgeni anadhani ameihukumu kwa ukarimu.

Lakini mgeni huyo akiwa na subira asiondoke, bali akaendelea kunywa polepole huku mazungumzo yakiendelea, jambo fulani hutokea. Baridi inayoganzisha ulimi haipo, kwa hiyo ladha zinaanza kujitenga. Kuna utamu wa zabibu kavu unaokuja mwanzo, kisha uchungu mwembamba wa kahawa unaoufuta utamu huo kabla haujakinaisha, kisha ukavu unaomfanya mtu atamani funda jingine. Uchache wa gesi, alioudhani kuwa upungufu, ndio unaoruhusu kinywaji kushuka bila ya kujaza tumbo. Wepesi wa mwili wake ndio unaomwezesha mtu kufika mwisho wa bilauri akiwa na kiu ya mazungumzo badala ya usingizi. Mgeni huyo akiisahihisha karatasi yake, huenda akaipa harufu 8, ladha 15, hisia kinywani 4, na jumla 8. Pamoja na zile 3 za sura, alama zinafika 38, na daraja inapanda mara mbili hadi "bora sana". Kilichobadilika si bia bali ni hakimu.

Hapa ndipo palipo na kasoro ya orodha nyingi za bia zinazokusanya maoni ya maelfu ya watu. Mwonjaji wa siku hizi huonja kidogo kidogo bia nyingi kwa wakati mmoja. Katika funda moja, kinywaji chenye kileo cha asilimia 10 au zaidi, kizito kama asali, hupiga kelele kikasikika. Bia ya upole haipigi kelele. Iliumbwa ili iandamane na saa mbili za soga, na kuihukumu kwa funda moja ni sawa na kuhukumu utenzi kwa ubeti mmoja. Matokeo yake ni kwamba vileo vikali hukaa kileleni mwa orodha, na bia pole hubaki chini, hata ile iliyotengenezwa kwa ustadi usio na dosari. Wapo wasemao kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Historia ya bia hii haiungi mkono kauli hiyo. Katikati ya karne ya 20 bia ya upole ndiyo iliyonywewa zaidi katika vilabu vya England na Wales. Kuanzia miaka ya 1960 ikapoteza nafasi yake, kwanza kwa bia chungu, kisha kwa bia baridi za rangi ya dhahabu. Migodi nayo ikafungwa mmoja baada ya mwingine, hadi mgodi wa Tower, wa mwisho miongoni mwa migodi mikubwa ya kina kusini mwa Wales, ulipofungwa mwaka 2008. Kinywaji kilibaki, watu wake wakapungua.

Hata hivyo, pale mizani inaporekebishwa, hukumu nayo hubadilika. Chama cha wapenzi wa bia ya jadi nchini Uingereza, CAMRA, kilichoanzishwa mwaka 1971, huandaa shindano ambalo kila bia huhukumiwa kwanza miongoni mwa bia za aina yake kabla ya kukutanishwa na nyingine. Katika shindano hilo bia za upole ziliibuka bingwa wa Uingereza nzima katika miaka ya 2000, 2007, 2009 na 2011. Hazikutoka Wales, lakini zilitoka katika ukoo uleule. Mnyonge alipewa haki ya kusikilizwa kwa lugha yake, akashinda.

Ulimi na msamiati wake

Linabaki suala la lugha. Huenda msomaji akadhani kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa kazi kama hii. Dhana hiyo haina mashiko. Lugha iliyotofautisha utamu, uchungu, ukali, uchachu na ukakasi haikosi uwezo wa kuonja. Ukakasi, ile hali ya ulimi kukunjamana mtu anapokula bibo lisiloiva vizuri, ni neno ambalo mwonjaji wa bia nyeusi hulihitaji kila mara, kwani kimea kilichoungua kupita kiasi huacha hisia hiyohiyo. Aliyekunywa kahawa chungu kwa kashata mjini Mombasa tayari anajua namna uchungu na utamu vinavyofaidiana. Aliyeonja mursik, maziwa ya Wakalenjin yanayogandishwa katika kibuyu kilichopakwa masizi ya mti maalumu, anajua kwamba moto na mkaa vinaweza kuwa ladha. Kinachokosekana si maneno bali ni mazoea ya kuyatumia kwa makini, na mazoea hayo hujengwa kwa kuandika.

Tena Kiswahili kina neno moja linalobeba hoja yote hii kwa ufupi wa ajabu. Mizani ni chombo cha kupimia uzito sokoni. Katika ushairi, mizani ni idadi ya silabi katika mshororo. Neno moja limekuwa kipimo cha haki na kipimo cha sanaa. Na hapo ndipo wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanapopaswa kuikumbuka bia nyeusi. Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, wapo waliozipima tungo zake kwa vina na mizani, wakazikuta pungufu, wakasema si mashairi. Hawakukosea hesabu. Silabi walizihesabu sawasawa, kama yule mgeni alivyohesabu alama zake 29. Walichokosa ni kuuliza kwanza kazi ile iliumbwa ifanye nini. Nao baadhi ya watetezi wa ushairi huru walifanya kosa lilo hilo kwa upande wa pili, walipolisoma shairi la arudhi mara moja kwa macho na kuliita la kuchosha, ilhali liliumbwa liimbwe, tena mbele ya hadhara.

Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, ni dhahiri kwamba hukumu ya haki ina masharti mawili. Sharti la kwanza ni kukijua kinachohukumiwa: kilitoka wapi, kiliwafaa nani, na kilikusudiwa kunywewa, kusomwa au kuimbwa vipi. Sharti la pili ni muda. Hakuna kati ya haya linalomzuia mhakiki kutoa alama ndogo. Bia nyeusi iliyochacha ni mbovu, na pipa lililofunguliwa likaachwa zaidi ya siku tatu hivi huharibika, liwe la Wales au la kwingineko. Shairi bovu nalo ni bovu hata likieleweka mazingira yake. Haki haimaanishi upole wa hukumu. Maana yake ni kwamba mshtakiwa asiulizwe kosa lisilokuwa lake.

Wahenga walisema pia kwamba mwonja asali haonji mara moja. Kwa kawaida msemo huo hueleza ulafi wa aliyenogewa. Lakini unaweza kusomwa kama kanuni ya uhakiki. Mfalme Hywel Dda aliithamini bia kwa robo ya kileo cha asali, na hakuna anayejua kama aliionja mara mbili. Mhakiki wa leo hana udhuru huo. Bilauri iko mezani, kitabu kiko mkononi, na hakuna anayemharakisha isipokuwa yeye mwenyewe.